Miguu ya Askari: Ngozi Inayobanduka Ndani ya Buti

Yako maradhi ambayo yakimpata askari humwangusha hadharani, wenzake wakamwona, wakamchukua na kumfikisha hospitali siku ile ile. Malaria kali ni mfano mmoja. Lakini yako na maradhi mengine ambayo humla mtu taratibu, gizani, ndani ya soksi na buti, wala hakuna ajuaye ila mwenyewe. Ngozi ya katikati ya vidole hugeuka nyeupe na kulainika. Baadaye huanza kubanduka vipande vipande. Kisha hupasuka na kuacha kidonda chekundu kinachowasha usiku kucha. Mwenye nayo husema kuwa ni jasho tu, akaendelea na zamu yake. Wahenga walikwisha kutuonya: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Jambo hili si dogo kwa mtu ambaye kazi yake ni kusimama na kutembea. Polisi wa usalama barabarani husimama juu ya lami inayochoma tangu asubuhi hata jioni. Askari wa doria huvuka bwawa alfajiri, akashinda na buti lile lile lililolowa mpaka usiku. Mlinzi wa lango hupokea lindo jua linapokuchwa na kuliacha linapochomoza, pasipo kuvua kiatu hata mara moja. Watu hawa wote ni wazima wa mwili, lakini afya ya nyayo zao imo hatarini kila siku. Yafaa basi tueleze kwa nini ngozi ya miguu hubanduka, namna ya kutambua chanzo chake, na tiba iliyo sahihi.

NGOZI YA WAYO ILIVYOUMBWA

Ngozi ya wayo ni nene kupita ngozi ya sehemu nyingine za mwili. Tabaka yake ya juu imejengwa kwa chembe zilizokwisha kufa, zilizojaa kitu kigumu kiitwacho keratini, ambacho ndicho kinachojenga pia kucha na nywele. Chembe mpya huzaliwa chini, zikapanda juu polepole kwa muda wa majuma kadhaa, na zile kuukuu huanguka bila ya mtu kuona. Kwa hiyo kubanduka kwenyewe si ugonjwa. Ni desturi ya ngozi kujivua. Ugonjwa huanza pale inapobanduka upesi kuliko inavyojengwa, au inapotoka kwa mapande makubwa, ikafuatana na mwasho, harufu, maji au maumivu.

Tena wayo hauna tezi za mafuta kama zilizo usoni na kichwani, bali umejaa tezi za jasho. Hukadiriwa kuwa miguu miwili ina tezi za jasho zipatazo robo milioni. Mguu ulio wazi hupungiwa na upepo na jasho hukauka. Mguu uliofungwa katika buti la ngozi lenye soli ya mpira hauna njia ya kulitoa jasho hilo. Ngozi hulowa, huvimba, hulainika kama karatasi iliyotiwa majini, na ulinzi wake wa asili huvunjika. Hapo ndipo adui anapopata mlango.

FANGASI NA SURA ZAO TATU

Adui wa kwanza, na aonekanaye zaidi makambini, ni fangasi. Hawa ni viumbe wadogo wa jamii moja na ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Chakula chao ni ile keratini ya ngozi, nao huhitaji mambo matatu ili wastawi: joto, giza na unyevu. Buti lililovaliwa kutwa huwapa yote matatu kwa pamoja.

Fangasi wa miguu huonekana kwa sura tatu. Sura ya kwanza ni ya katikati ya vidole, hasa kati ya kidole cha nne na kile kidogo cha mwisho, mahali ambapo vidole hubanana na upepo haupiti. Ngozi huwa nyeupe, hutoa harufu, huwasha, kisha hupasuka. Sura ya pili ni ya wayo mzima. Hapa ngozi hukauka na kutoa unga mweupe unaofuata mistari ya wayo, nao hupanda kandokando ya mguu hata alama yake ikawa kama ya kiatu kisicho na kamba. Mwenye ugonjwa huu aghalabu hudhani ni vumbi, kwa sababu hauwashi sana, na aweza kukaa nao miaka mingi. Sura ya tatu ni ya malengelenge yatokeayo ghafla, hasa penye kitao cha wayo. Huwasha mno, hupasuka, na ngozi yake hubanduka kwa vipande vipana.

Fangasi hawabaki miguuni peke yake. Ajikunaye bila kunawa huwapeleka mkononi. Avaaye chupi kwa kuipitisha katika miguu yenye ugonjwa huwapandisha kwenye kinena. Wakiingia katika kucha, kucha hizo hunenepa, hugeuka rangi ya manjano au kahawia na kumeguka kama chaki, na tiba yake huwa ndefu.

Maambukizo huenea kwa njia ambazo kila aliyekaa bwenini anazijua: sakafu ya bafu inayokanyagwa na watu hamsini, taulo moja kwa marafiki wawili, ndara za kuazimana, soksi za mwenzako ulizozichukua kwa haraka wakati wa filimbi. Mbegu za fangasi huweza kuishi miezi mingi katika vipande vya ngozi vilivyobaki ndani ya buti. Ndiyo maana mtu hupona kabisa, akalivaa buti lile lile, na baada ya majuma machache akarudi pale pale alipoanzia.

SI KILA KUBANDUKA NI FANGASI

Hata hivyo, ni kosa kudhani kuwa kila ngozi ibandukayo imeshikwa na fangasi. Yako maradhi mengine yanayofanana nayo, na tiba zake ni mbali mbali.

Uko ugonjwa uletwao na bakteria ambao huchimba vishimo vidogo vidogo katika wayo, kana kwamba mtu ameudunga kwa msumari. Vishimo hivyo huonekana vizuri mguu ukiwa umelowa, na harufu yake ni kali kiasi cha kuwakimbiza wenzako chumbani. Ugonjwa huu ulielezwa huko Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mwaka 1910, na daktari Mwitaliano Aldo Castellani. Huyu ndiye yule yule aliyefanya kazi Entebbe kati ya mwaka 1902 na 1903, akaona vijidudu vya ugonjwa wa malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Jina lake limebaki pia katika dawa nyekundu ya majimaji iliyotumiwa miaka mingi kupaka miguu yenye fangasi. Vishimo vya bakteria hutibiwa kwa kukausha miguu na kwa dawa ya kuua bakteria inayopakwa juu ya ngozi.

Pengine kosa limo katika kiatu chenyewe. Ngozi ya buti hulainishwa kiwandani kwa chumvi za kromu, na mpira na gundi zina kemikali zake. Miili ya watu wengine huzikataa kemikali hizo. Dalili yake ni kwamba ugonjwa hufuata umbo la kiatu: hutokea juu ya mguu na penye kugusana na buti, miguu yote miwili sawasawa, na katikati ya vidole hubaki salama. Mtu wa namna hii hata akipaka dawa ya fangasi mwaka mzima hatapata nafuu mpaka abadilishiwe kiatu.

Magaga ya kisigino nayo hubanduka na kupasuka, hasa wakati wa kiangazi. Chanzo chake ni ukavu na uzito wa mwili. Yatosha kuloweka miguu katika maji ya vuguvugu, kusugua taratibu kwa jiwe, kisha kupaka mafuta ya mgando kila usiku. Ukurutu pia huweza kufanya nyayo zibanduke, na huo huhitaji jicho la daktari.

Yako mambo mawili zaidi ambayo ni lazima yasemwe waziwazi. La kwanza ni kaswende. Majuma kadhaa baada ya kile kidonda cha kwanza kisichouma kupona, mgonjwa huweza kuota mabaka katika nyayo na viganja, yasiyowasha, yenye magamba pembeni. Kipimo cha damu hubainisha, na sindano ya penisilini hutibu. Kuona haya hapa ni kujidhuru na kuwadhuru walio nyumbani. La pili ni kufa ganzi. Mguu unaobanduka na usiohisi mchomo wa pini huweza kuwa ni alama ya kisukari au ya ukoma. Maradhi yote mawili yana tiba katika hospitali zetu, na kila siku inayopotea ina gharama yake.

MAFUNZO YA VITA

Majeshi ya dunia yamejifunza thamani ya miguu kwa bei kubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa baridi ya mwaka 1914 hadi 1915, askari wa Uingereza wapatao 20,000 waliugua miguu kwa sababu ya kusimama siku nyingi katika mahandaki yenye maji na matope baridi. Miguu ilikufa ganzi, ikapauka, kisha ikavimba na kutoka malengelenge. Ya wengine iliingia ubovu ikakatwa. Jeshi lile lilipoanza kulazimisha soksi kavu, kupaka miguu mafuta ya nyangumi, kupunguza muda wa kukaa katika maji, na kuwafanya maofisa wawajibike kuikagua miguu ya watu wao, idadi ya wagonjwa ilipungua sana.

Askari wetu wa Afrika Mashariki nao wana sehemu yao katika historia hii. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua kubwa za nchi hiyo, njia zikiwa ni tope tupu, mpaka ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Wazee wetu wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland walitembea humo kwa miguu.

Huko Vietnam, katika miaka ya 1960, Wamarekani waliona kwamba hata maji yenye joto huharibu miguu. Askari wa Divisheni yao ya 9, waliopigana katika mashamba ya mpunga ya mto Mekong, walitoka nyayo nyeupe zilizokunjamana na zisizoweza kukanyaga, na wengi walipata fangasi wabaya. Uchunguzi uliofanywa ulisababisha kuwekwa kikomo cha saa 48 ndani ya maji, ndipo askari atolewe apate kukausha miguu. Na mwaka 1982, katika vita vya visiwa vya Falklands, askari wengi wa Uingereza waliugua tena ugonjwa ule ule wa mahandaki, ingawa babu zao walikwisha kuujua. Funzo ni moja: maarifa yaliyoandikwa vitabuni hayamkaushii mtu soksi zake.

TIBA ILIYO SAHIHI

Tiba ya fangasi huanza kwa sabuni na maji. Osha miguu kila siku, na hasa katikati ya vidole, kisha ikaushe kabisa kwa kitambaa safi. Dawa iliyopakwa juu ya ngozi iliyolowa haifanyi kazi vizuri.

Krimu za klotrimazoli ya asilimia 1 au mikonazoli ya asilimia 2 hupakwa mara mbili kwa siku, kwa muda ufikao majuma manne. Krimu ya terbinafini hufanya kazi upesi zaidi, na kwa ugonjwa wa katikati ya vidole mara nyingi hutosha juma moja au mawili. Paka palipo na ugonjwa na vilevile upana wa vidole viwili nje ya mpaka wake, kwa kuwa fangasi hutangulia mbele ya dalili. Kosa linalotendwa na wengi ni kuacha dawa siku mwasho unapokoma. Mwasho hukoma mapema. Fangasi huwamo bado. Endelea na klotrimazoli au mikonazoli kwa juma moja au mawili baada ya ngozi kuonekana safi.

Penye zahanati isiyo na dawa hizo, malhamu ya Whitfield ingali na manufaa yake. Jina lake latokana na Arthur Whitfield, daktari wa ngozi wa London, nayo ina asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Bei yake ni nafuu, na kwa wayo mnene wenye magamba hufaa sana. Lakini isipakwe penye mpasuko wala kidonda, kwa maana huchoma, wala isipelekwe kinenani.

Miguu inayotoa maji huweza kulowekwa kwa dakika 10 hadi 15 katika maji yaliyotiwa pamanganeti ya potasiamu. Sharti rangi ya maji iwe ya waridi hafifu, na chembe zote ziwe zimeyeyuka, kwani chembe kavu huunguza ngozi. Fangasi wa kucha, na wale wa wayo mzima wasiosikia krimu, huhitaji vidonge. Vidonge hivyo hutolewa na daktari, humezwa kwa majuma mengi, na pengine huhitaji ini lipimwe kwanza. Si dawa ya kununua njiani.

DAWA ZA KUEPUKWA

Wako wanaomwagia miguu yao petroli, mafuta ya taa au maji ya betri, kwa imani kwamba kinachochoma ndicho kinachoua. Vitu hivyo huunguza ngozi nzima pamoja na ile mbovu, na kidonda hukaribisha bakteria.

Hatari nyingine imejificha zaidi. Krimu zenye dawa za jamii ya betamethasoni huuzwa madukani kiholela, nyingine zikiwa zimechanganywa na dawa mbili tatu katika mrija mmoja. Mtu hupaka, na baada ya siku mbili mwasho na wekundu hutoweka. Hufurahi, asijue kwamba dawa ile imeunyamazisha mwili tu, na fangasi wanaendelea kuenea chini kwa chini. Akiiacha, ugonjwa hulipuka upya na kwa sura isiyotambulikana hata na mganga. Miaka ya karibuni, kuanzia Bara Hindi, wamezuka fangasi wa ngozi wasiosikia terbinafini kwa urahisi, na matumizi mabaya ya krimu hizo za mchanganyiko yanahesabiwa miongoni mwa mambo yaliyoyachochea.

KINGA NI KAZI YA KILA SIKU

Kwa askari, kinga ya miguu ihesabiwe kuwa sehemu ya kutunza zana. Uwe na jozi tatu za soksi: moja miguuni, moja kavu katika mkoba ndani ya mfuko wa plastiki, na moja inayoanikwa. Badilisha kila zinapolowa, na wakati wa zamu ndefu vua buti hata kwa dakika chache ili miguu ipate upepo, ikiwa usalama wa mahali unaruhusu. Fua soksi kwa maji ya moto na kuzianika juani. Vaa soksi kwanza, chupi baadaye, endapo miguu ina ugonjwa.

Buti lililolowa jasho halikauki kwa usiku mmoja. Mwenye jozi mbili azivae kwa zamu, siku hii na siku ile. Mwenye jozi moja atoe kitambaa cha ndani, alegeze kamba mpaka chini, na ajaze magazeti ya zamani yaliyokunjwa ili yanyonye unyevu. Kabla ya kulala ayatoe na kutia mengine. Poda ya kuua fangasi itiwe ndani ya buti. Bafuni ingia na ndara zako mwenyewe. Kucha zikatwe fupi na kwa wembe au mkasi usioazimwa.

Aliyetoka katika maji na kuona miguu imekufa ganzi asiisugue wala asiiweke motoni. Aivue, aikaushe, aipashe joto polepole kwa blanketi, aiinue juu, na apelekwe kwa mganga.

WAJIBU WA MKUBWA

Kwenye gwaride, mkaguzi hutazama buti lililong'arishwa mpaka likaonyesha sura yake. Mng'aro huo ni wa nje. Mkubwa anayewajali watu wake hana budi mara moja moja kuamuru buti livuliwe na kutazama kilichomo. Wapo maofisa ambao askari akichechemea humwita mvivu anayejisingizia ugonjwa. Na kwa sababu hiyo askari huficha mguu wake mpaka usaha utoke. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu mmoja asiyeweza kutembea hupunguza kikosi kwa watatu: yeye mwenyewe, na wawili wa kumbeba. Soksi za kutosha, maji safi ya kuogea na tyubu ya krimu katika sanduku la huduma ya kwanza ni gharama ndogo ikilinganishwa na hasara hiyo.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Usingoje kesho ukiona haya: mguu umevimba, umekuwa wa moto na wekundu unapanda, usaha unatoka, homa imeingia, au mtoki umevimba kinenani upande wa mguu mgonjwa. Hizo ni alama kwamba bakteria wamepita katika mpasuko mdogo wa kati ya vidole na kuingia mwilini. Mwenye kisukari aende hospitali hata kwa mkwaruzo. Na yeyote aliyetumia dawa kwa majuma manne bila nafuu amwombe daktari akwangue ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini, ili ajulikane adui ni nani.

Basi, ndugu askari, usiku wa leo ukivua buti, sogea penye mwanga, tenganisha vidole kimoja kimoja, geuza wayo utazame. Kazi hiyo haizidi dakika mbili. Ukikuta pako salama, kausha na ulale. Ukikuta ngozi inabanduka, kesho asubuhi fika kwa mganga wa kikosi kabla ya gwaride, ungali unaweza kwenda kwa miguu yako mwenyewe.